Rekodi ya Kasi ya Ndia Kuu

Afaf aliepua mahamri ya mwisho, akayatandaza juu ya gazeti yachujike mafuta, akafuta unga kwenye kioo cha simu kwa upindo wa leso, kisha akaendelea kumtazama daktari wa meno aliyestaafu akijitayarisha kufa. Daktari huyo alikuwa kwenye jangwa la chumvi upande wa pili wa dunia, ndani ya gari refu jembamba aliloliunda mwenyewe katika banda la kuku. Mkewe alisimama kando, amekunja mikono, uso umemvimba kwa hasira ya miaka mingi. Gari likatoka, likawa nukta, nukta ikawa vumbi, na vumbi lilipotulia daktari alikuwa mzima. Hakuvunja rekodi yoyote. Afaf alishusha pumzi, akamgeukia mteja aliyekuwa akingoja mlangoni na bakuli lake.

"Mbaazi za nani?"

"Zangu, tangu yule mzungu hajavaa kofia."

Mtaa mzima ulijua kwamba gari likiwa mbioni Afaf hauzi. Wengine wana mpira, wengine wana tamthilia za Kituruki. Afaf bint Faraj alikuwa na watu wanaotaka kwenda kasi kuliko binadamu wote juu ya ardhi, kwa nguvu zao wenyewe, bila kulipwa na mtu. Wale wakubwa wenye makampuni nyuma yao na wahandisi waliovaa sare hakuwajali. Aliwapenda waliostaafu, waliofukuzwa kazi, mume na mke waliolala chini mwaka mzima kwa sababu kitanda kiligeuzwa kuwa fremu. Magari yao aliyajua kwa majina, na ugomvi wa nyumbani kwao aliujua kuliko wa jirani zake. Aliijua pia sheria. Mbio moja haihesabiki. Ni lazima dereva aende, ageuze, arudi juu ya ardhi ileile kabla saa moja haijaisha, ndipo wastani uchukuliwe, ili upepo usimbebe mtu akajipatia sifa zisizo zake. Afaf aliiona hiyo ndiyo sheria pekee duniani iliyotungwa na watu waliokuwa wametulia.

Kwa macho yake hakuwahi kuona hata mbio moja. Lakini alikuwa na mdogo wake, Yeslam.

Yeslam alikuwa fundi wa tuktuk na genereta, karakana yake ikiwa ghala la chini la nyumba yao ya Ndia Kuu, na kwa miaka kadhaa alikuwa akiunda gari la namna hiyohiyo. Bodi lilikatwa kwenye bango la bati la duka lililofungwa. Ubavuni zilibaki herufi nyekundu zikisomeka SUBIRA, basi gari likaitwa Subira. Injini ilitoka kwenye genereta la hoteli ambayo haikuwa tena na wageni wa kuwashia taa. Gurudumu la mbele lilikuwa la tuktuk. Paa halikuwepo, maana bango lilikwisha.

Kwa haki Subira ilistahili kupelekwa jangwa la Chalbi, kule kaskazini, ambako ardhi imelala kama sinia na hakuna wa kumgonga. Lakini Yeslam hakuwa na kitambulisho, na asiye na kitambulisho havuki daraja la Makupa kwenda bara. Palikuwa na askari pale tangu Yeslam yuko shule. Askari walikuwa wakibadilishwa. Swali lao halikubadilishwa. Yeslam hakuwahi kutoka kisiwani Mombasa. Aliomba kitambulisho mara alipotimiza umri, na sasa ndevu zake zilikuwa zimeanza kuingia mvi. Kila alipokwenda alipigwa msasa na jopo la ofisi ya vitambulisho: babu yako alizaliwa wapi, babu wa babu yako alishuka bandari gani, mbona una jina hilo, mbona una pua hiyo. Afaf, wa mama mmoja na baba mmoja na pua moja ileile, alipewa chake safari ya kwanza, kwa sababu siku hiyo mwenyekiti wa jopo aliumwa na jino akataka kwenda nyumbani. Tangu hapo laini ya simu ya Yeslam ilikuwa kwa jina la Afaf, na mita ya umeme ya karakana pia. Mbele ya serikali, Yeslam alikuwa ni Afaf anayezungumza kwa sauti nzito.

"Basi tutaikimbiza papa hapa," alisema Yeslam siku Subira ilipowaka.

"Hapa wapi?"

"Ndia Kuu."

"Ndia Kuu ina kona, Yeslam."

"Kona ni ya anayekwenda polepole."

Afaf akakiandikia chama. Kulikuwa na chama cha dunia cha mbio za wasiolipwa, kikiendeshwa na mama mmoja aitwaye Bi Greta kutoka chumba cha wageni cha nyumba yake huko Ulaya. Bi Greta alijibu kwamba kanuni hazisemi lolote kuhusu urefu wa njia wala unyoofu wake. Zinasema tu iwe ardhini. Akaongeza kwamba angekuja mwenyewe na mashine ya kupimia, kwa kuwa daktari wake alikuwa amemkataza chumvi.

Akaja. Alikuwa mrefu, na kofia pana ya ukili aliyoinunua siku ya kwanza kwa kuchoka kukataa. Aliweka mashine yake upande wa Ngome ya Yesu, mwisho wa mbio, kwenye miguu mitatu ya chuma. Waongozaji wa watalii walijaribu kumuuzia historia mara mbili, kisha wakamzoea wakamtafutia kiti. Kiswahili hakukijua. Alizungumza na simu yake kwa lugha yake, na simu ikawazungumzia watu kwa sauti ya msichana mpole ambaye hakuna aliyemjua.

Jaribio la kwanza liliharibiwa na jambo ambalo halijampata daktari yeyote wa meno. Jangwa la chumvi halina baraza. Ndia Kuu ina baraza kila mlango, na kila baraza ina mtu, na mtu huyo amekujua tangu hujatahiriwa. Yeslam aliondoka upande wa juu, injini ikinguruma hadi vikombe vikacheza makabatini, na hapo hapo akamwona Ami Aidarus. Ami Aidarus alikuwa mstaafu wa forodha mwenye maoni juu ya kila kitu isipokuwa forodha, na baraza yake ndiyo iliyokuwa ya kwanza. Mguu wa Yeslam ulikwenda wenyewe kwenye breki.

"Salaam aleikum, ami."

"Waleikum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Yeslam! Hujambo, mwanangu? Mamako hajambo?"

"Alhamdulillahi, hajambo."

"Ule mguu?"

"Umepungua."

"Mshukuru Mungu. Nawe waenda wapi asubuhi hino na sufuria kichwani?"

"Kuvunja rekodi, ami."

"Inshallah. Basi usikae sana hapa."

Kwenye baraza ya pili walikuwa watatu, na mmoja wao alikuwa amefiwa. Ilibidi injini izimwe. Yeslam alipofika Ngome ya Yesu, mashine ya Bi Greta ilikuwa imejizima ili kuhifadhi betri. Simu ya Bi Greta ikasema kwa upole kwamba asivunjike moyo, mashine hiyo imewahi kupima hata matrekta.

Jaribio la pili walibandika karatasi nyeusi pande zote mbili za kofia ya Yeslam, kama farasi wa mkokoteni, asione ila mbele. Akampita Ami Aidarus. Akaipita baraza ya pili. Alipofika ya tatu haya ikampanda kutoka miguuni hadi kooni, akaweka gia ya nyuma, akarudi kinyumenyume mpaka alikotoka, akaomba radhi kila mlango. Afaf alipima kurudi huko kwa simu yake. Kinyumenyume, mdogo wake alikuwa mtu wa nne kwa kasi duniani.

"Mtoto wa Faraj apita kama mwizi wa viatu," alisema Ami Aidarus, kwa sauti ya kusikika hadi ghorofani. "Kwani aendako kuna moto?"

Jioni hiyo Afaf alikaa karakanani juu ya tairi, akimwangalia Yeslam akifunga nati zilizokwisha fungwa. Alimweleza walivyofanya wengine. Kwanza wote hupunguza uzito. Huondoa kiti, wakakalia wavu. Mmoja alinyoa nywele mwili mzima; mwingine aling'oa meno mawili mabovu, akapata alichokitaka.

"Ndevu nimenyoa," alisema Yeslam. "Chakula cha usiku sili. Wataka ning'oe nini?"

"Waogopa watu."

"Siwaogopi. Nawaheshimu."

"Uzito ni uleule."

Yeslam akaweka spana chini. "Wajua, dada, hao wazee wa baraza ndio peke yao wanaonijua mimi ni nani. Nikiwapita bila salamu nao wakanisahau, nimekwisha kabisa."

Afaf aliinuka kwenye tairi. Akachukua spana, akaenda kukaza nati za upande wa pili.

Jaribio la tatu lilikuwa asubuhi ya Jumamosi, jua likiwa bado chini na vivuli virefu. Kwa kuwa Subira haikuwa na paa, kivuli cha Yeslam kilikuwa kikienda ukutani sambamba naye, mabega na kofia, wazi kabisa. Subira ikatoka. Ilipofika kwa Ami Aidarus, Yeslam hakukanyaga breki. Kivuli ndicho kilichosimama. Kilijitenga naye kama vile mtu anavyoshuka kwenye tuktuk isiyosimama sawasawa, kikayumba, kikapata mizani, kikaweka mkono kifuani na kumwinamia mzee.

"Waleikum salaam," alisema Ami Aidarus. "Karibu, keti."

Yeslam alijisikia mwepesi, kama aliyetua gunia la mchele. Akakanyaga mafuta hadi mwisho.

Afaf alikuwa amesimama kando, nusu ya mwendo wa mbio, leso ameifunga kiunoni, mgongo ameubana kwenye mlango wa duka la vinyago. Aliona nguo zote zilizoanikwa ghorofani zikigeukia Ngome ya Yesu kwa pamoja. Aliona vitasa vya milango vikijigonga. Kisha akasikia harufu ya chuma cha moto, na baada ya harufu, sauti, na baada ya sauti, kimya. Subira yenyewe hakuiona. Alikuwa amesubiri maisha yake yote kuona mbio kwa macho, na zilipokuja zilikuwa nzuri mno hata hazikuonekana. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa uchungu, maana saa ilikuwa inakwenda na Yeslam alikuwa hajarudi.

Kule mwisho, Bi Greta alisoma nambari, akaipangusa mashine vumbi, akaisoma tena. Yeslam tayari alikuwa amegeuza. Wakati wa kurudi alikipita kivuli chake, kimefika baraza ya pili, kimepewa kikombe cha kahawa. Kikamwinulia mkono. Nguo ghorofani zikageukia upande wa pili, na kazi ikawa imekwisha. Kwenda na kurudi, kwa wastani, juu ya ardhi ileile, hapakuwa na mtu asiyelipwa aliyewahi kwenda kasi kama Yeslam bin Faraj wa Ndia Kuu.

"Mashallah," walisema watu, wakaingia ndani kuangalia vyombo vilivyovunjika.

"Na kile kivuli chako?" aliuliza jirani mmoja, Mwanaesha, akifagia vigae. "Chaja?"

"Chaja."

"Kiambie kisiondoke bila kupita kwangu. Nina ujumbe wa shangazi yako."

Kivuli kilifika Ngome ya Yesu alasiri. Kilikuwa kimekaa kila baraza kwa haki yake, kimepewa habari za harusi mbili na kesi moja ya mpaka wa choo, kimeomba dua kwa wagonjwa wote. Wakati huo Yeslam alikuwa amelala zamani nyumbani. Kikageuza, kikarudi kwa kuaga tu, kikaingia baada ya maghrib. Lakini hakikurudi miguuni mwake. Kilikuwa na watu wake sasa. Mama yao alikitandikia mkeka ukumbini, na Yeslam hakulalamika. Kwa kweli hakuwa akikitumia sana.

"Mwaona?" aliwaambia watu Ami Aidarus. "Huyu ndiye mtoto wa Faraj."

Siku ya pili Bi Greta alikuja kunywa chai. Aliwapa mikono wote, kivuli pia, kisha akaiweka simu mezani. Msichana wa simu akawaeleza kwamba jina bila hati ni uvumi. Kabla ya kikao cha mwaka cha chama, dereva aonyeshe kitambulisho au pasi. Akionyesha, rekodi itapigwa muhuri, na yeye na gari lake wataalikwa kwenda kukimbia kwenye jangwa la chumvi mbele ya wote. Asipoonyesha, rekodi itarudi kwa fundi bomba mmoja aliyekuwa nayo kabla.

Afaf akamtazama Yeslam. Yeslam alikuwa akitazama chai.

"Au tuandike jina lako," simu ilimwambia Afaf. "Bi Greta anasema wewe hati unazo."

"Mwambie Bi Greta mimi ni shabiki," alisema Afaf. "Shabiki akikaa kwenye kiti cha dereva, hata kwa jina, huo si ushabiki tena. Ni wizi."

Jumatatu Afaf na Yeslam wakaenda ofisi ya vitambulisho. Jopo lilikaa nyuma ya meza ndefu: wanaume watano, mtungi wa maji, na feni iliyowaelekea wao tu. Mwenyekiti, ambaye jino lake lilikuwa limepona, alimtambua Yeslam kama mtu anavyomtambua mdai wake. Akaomba cheti cha kuzaliwa cha babu.

"Babu yangu alizaliwa kabla ya vyeti," alisema Yeslam.

"Basi leta cheti kinachoonyesha hivyo."

"Mzee," alisema Afaf, "huyu ndugu yangu ndiye anayekwenda kasi kuliko watu wote duniani. Amekimbia Jumamosi. Mji mzima umeona."

"Tumesikia. Nyumbani kwangu Kizingo glasi mbili zimepasuka." Mwenyekiti alimpa Yeslam tabasamu la kweli. "Hongera sana. Sasa, anakimbia kutoka wapi?"

"Kutoka juu, pale karibu na bandari ya zamani."

"Na babu yake alikimbia kutoka wapi?"

Afaf alisema maneno ambayo ofisi hiyo ilikuwa haijayasikia kwa Kiswahili kilichonyooka kiasi hicho. Jopo lilimsikiliza hadi mwisho, kwa kuwa aliyasema vizuri. Kisha likawaambia warudi mwezi ujao.

Hawakurudi. Mwezi uliofuata kilikwenda kivuli. Hakikutumwa na mtu. Kilisikia tu habari za foleni ile, kikaipenda. Pale ofisini watu hukaa tangu alfajiri bila kuondoka, na kivuli hakikupata kuona mahali penye nafasi kubwa kama hiyo ya kujuliana hali. Kilisalimu mstari mzima. Afaf alikifuata nyuma, akakaa benchi la mwisho, kwa mazoea yake ya kufuata kila mbio hata zilizokosa matumaini.

Zamu yake ilipofika kikasimama mbele ya meza. Jopo likakiangalia. Pua haikuonekana. Rangi ilikuwa moja, nyeusi tii, kutoka kichwani hadi ukingoni.

"Jina?"

"Yeslam bin Faraj."

"Umezaliwa wapi?"

"Ndia Kuu, ukutani."

"Babu yako?"

"Ukuta huohuo. Sisi huzaliwa pale tunapoangukia. Hatuna kwingine."

Wanajopo walinong'onezana. Mmoja alisema kwamba hakuona shaka yoyote. Mwingine alisema laiti waombaji wote wangekuwa wazi namna hiyo. Mwenyekiti alikiuliza kama kina jamaa wowote ng'ambo, na kivuli kikajibu kwamba hakijawahi hata kutoka juani. Wakachukua alama za vidole, zikatoka safi, vidole vyote kumi. Wakapiga picha. Kwaheri za kivuli zilichukua muda mrefu kuliko mahojiano.

Kitambulisho kilitoka kabla ya mwezi kuandama tena. Kilikuwa na jina la Yeslam, tarehe ya kuzaliwa ya Yeslam, mtaa wa Yeslam, na picha ya kitu cheusi chenye mabega. Yeslam alikishika kwa mikono miwili, akakipapasa kingo. Alifurahi. Hilo Afaf hakulitarajia, na lilimkasirisha zaidi ya jopo lote. Akamburura tena ofisini siku hiyohiyo, kadi mkononi, kwenda kudai ya pili, ya mwenyewe.

Karani wa dirishani alibonyeza kompyuta. "Yeslam bin Faraj amekwisha pata."

"Aliyepata ni kivuli chake. Huyu hapa ndiye mtu."

Karani alimchungulia Yeslam, akachungulia picha. "Hafanani," alisema. "Na mtu mmoja hawezi kupewa vitambulisho viwili, dada. Hiyo ni jinai. Nawaambia kwa wema tu. Faili limefungwa."

Bi Greta naye alikuwa mtu wa kanuni, na ndiyo sababu Afaf alimpenda. Kikao cha mwaka kilipofika alitazama hati, akatazama picha, akaandika kwamba dereva anayetambulika kisheria ni huyo mwenye mabega. Kisha akaulizia muda wake. Mashahidi hawakukosekana. Ami Aidarus mwenyewe alithibitisha kwa simu kwamba dereva aliondoka asubuhi akafika alasiri, na kwamba alikuwa kijana mwenye adabu. Kwa kuwa rekodi yoyote ni bora kuliko uvumi, muda huo, ingawa haukutimiza sheria ya saa moja, ukaingizwa kwenye jedwali la chama, lililo wazi kwa dunia nzima. Afaf alilifungua. Juu kabisa alikuwa fundi bomba. Chini kabisa, chini ya trekta, palikuwa na Mombasa.

Mashabiki wa nchi za mbali walimwandikia kumpongeza. Walisema ni mwanzo mzuri.

Na mwaliko ukaja, kwa kuwa mwaliko ulikuwa wa kila aliyeingia jedwalini kwa mara ya kwanza kutoka nchi mpya. Kivuli kikapata pasi kwa urahisi wa ajabu. Yeslam alifanya kazi wiki nzima akiitayarisha Subira, akaifungua vipande vipande, akavifunga kwenye magunia na kuandika juu ya kila gunia kwa rangi. Jioni alikaa na kivuli ukumbini akikifundisha klachi.

"Taratibu. Usiiachie ghafla. Ukiona yapiga mieleka, usiogope, iache yenyewe."

Kivuli kilisikiliza vizuri sana. Kilikuwa msikilizaji kupita wote nyumbani mle.

Siku ya safari Yeslam alisema atawasindikiza Afaf na kivuli hadi basi la uwanja wa ndege lipite Makupa.  Afaf alijua anachowaza ndugu yake: kwamba kadi ina jina lake, kwamba yeye na kivuli wakisimama karibu karibu, asubuhi, jua likiwa upande mzuri, huenda askari akaona mtu mmoja. Alikuwa amevaa kanzu mpya. Alikuwa amenyoa. Kwenye basi alikaa dirishani, kivuli kando yake, goti kwa goti.

Kwenye kizuizi askari aliwashusha wote. Alikuwa kijana, na alikuwa na heshima. Afaf akaonyesha chake, akapita. Kivuli kikatoa kadi, kikamuuliza askari hali ya nyumbani kwao, kikangoja jibu. Askari alilinganisha picha na uso, akairudisha kwa mikono miwili.

"Safari njema, Bwana Yeslam. Na wewe?"

"Mimi ndiye Yeslam," alisema Yeslam. "Sisi ni mmoja. Mwangalie, ndiye mimi."

Askari aliangalia chini, miguuni pa Yeslam, kwenye lami nyeupe ya jua. Hapakuwa na kitu.

"Hapana, mzee," alisema. "Huyo amekwisha pita."

Utingo akapiga bodi la basi. Abiria walianza kurudi vitini. Afaf alisimama mlangoni, mguu mmoja juu ya ngazi, akaushusha.

"Nashuka. Twende nyumbani."

"Panda," alisema Yeslam.

"Siwezi kwenda kushangilia kivuli."

"Utakwenda kushangilia gari. Gari ni langu, kila nati yake. Na kile hakijui kupanga gia ya tatu, kitaniulia injini." Alitabasamu, akamsukuma bega. "Panda, dada. Mmoja wetu lazima aone."

Akapanda. Kivuli kilikuwa kimemwachia kiti cha dirishani na sasa kilikuwa kikijuana na mama wa kiti cha nyuma na wanawe wote. Basi likavuta, likaanza kushika daraja. Afaf alitoa kichwa nje, leso ikipigwa na upepo, akageuka kumtazama mdogo wake aliyekuwa akivuka barabara kurudi mjini. Hakufika mbali. Upande wa pili, askari wa wanaoingia kisiwani alikuwa amekwisha msimamisha, akimuuliza kitambulisho.